TUTAZAME KUCHA KABLA YA KUTAJA UCHAWI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Nami naongeza kwamba si kila wingu liko mbinguni; mengine yako kwenye ncha za vidole vyetu, na sisi tunayapuuza kila siku. Msomaji mpendwa, kabla hujakimbilia ukurasa wa vichekesho, hebu nipe dakika chache. Tazama mkono wako wa kushoto. Pale ukucha unapoanzia, ngozi imejikunja kidogo mfano wa pindo la sketi. Ndani ya pindo hilo mna mishipa ya damu midogo mno. Maoni yangu ni kwamba kila hospitali ya kaunti yafaa iwe na mtu anayejua kuitazama mishipa hiyo. Fauka ya hayo, sisi wenyewe hapa shuleni tuache kumcheka mtu ambaye vidole vyake hufa ganzi na kubadilika rangi. Nitaeleza kwa nini.

Dada yangu mkubwa alikuwa akijifunza ushonaji. Huku kwetu baridi ya Julai haina mchezo. Maji ya mfereji huuma kama nyuki. Kila asubuhi alipotia mikono majini, vidole viwili vitatu vilipauka kana kwamba vimepakwa chokaa. Kisha kucha zikawa za samawati, na joto lilipovirudia vikawa vyekundu kwa upande wa kiganjani, vikimwasha na kumchoma. Sindano ilikuwa ikimponyoka. Shangazi akasema, "Huyu ni mvivu tu, hataki kazi." Mimi nami, jamani, sitaficha, nilicheka.

Mambo yakazidi. Akaanza kuchoka hata kabla ya saa nne asubuhi. Akaenda zahanati moja ambayo sitaitaja, akaambiwa ana malaria, ilhali kwetu mbu ni wa kutafuta kwa tochi. Akameza dawa. Mwezi uliofuata akaambiwa ni taifodi. Akameza nyingine. Viungo vikavimba, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, vidonda vikamtoka mdomoni, na usoni akapata baka lililotanda mashavu yote mawili na kupita juu ya pua, mfano wa kipepeo aliyekunjua mabawa. Majirani nao hawakulala. Mmoja akasema amerogwa na fundi mwenzake. Mwingine akanong'ona kuwa ni ukimwi, ingawa alikuwa amepimwa mara mbili na kupatikana hana. Mama akauza mbuzi wawili, pesa zikaishia kwa mganga.

Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo. Hatimaye alipelekwa hospitali kubwa ya mjini, nami nikamsindikiza maana shule zilikuwa zimefungwa. Daktari aliyempokea hakuanza na uso. Alishika mkono wake, akamuuliza, "Vidole hivi hubadilika rangi ukishika maji baridi?" Katika muda huo wote hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo! Akamwambia akae kwanza chumbani mle mpaka mikono ipate joto. Baadaye akamdondoshea tone la mafuta kwenye shina la ukucha, akachungulia kwa lenzi ndogo yenye taa. Akatazama kidole baada ya kidole, gumba akaliacha. Aliponyanyua kichwa alisema, "Hapa pana jambo. Siwezi kusema ni nini kwa kutazama kucha pekee, lakini hatuwezi kuliacha." Akaagiza damu na mkojo vipimwe. Majibu yalikuwa kwamba ana ugonjwa wa lupasi, na figo zake zilikuwa zimeanza kuvujisha protini.

Tangu siku ile swali moja lilinikaa rohoni: daktari yule aliona nini?

Wenzangu, katika biolojia tumesoma kwamba William Harvey wa Uingereza alieleza mwaka wa 1628 jinsi damu inavyozunguka mwilini. Lakini Harvey hakuona njia ambayo damu hutoka kwenye ateri na kuingia kwenye vena. Alijua tu kwamba sharti iwepo. Mwaka wa 1661, Marcello Malpighi wa Italia alitazama mapafu ya chura kwa hadubini akaviona vishipa hivyo, yaani kapilari. Ni vyembamba hata seli nyekundu za damu hupita moja moja, kama sisi tunavyopita kwenye lango dogo tukichelewa gwaride. Unywele mmoja wa kichwani huvishinda kwa unene mara kadhaa.

Sehemu nyingi za mwili, kapilari za ngozi husimama wima. Ukizitazama kutoka juu waona nukta tu, kama anayetazama vichwa vya watu akiwa ghorofani. Lakini kwenye shina la ukucha zimelala, kwa hivyo waona umbo lake lote. Mwaka wa 1912 Mmarekani Warren Lombard alieleza kwamba ukitia tone la mafuta pale na kutumia hadubini, vishipa hivyo vyaonekana katika mtu aliye hai, bila kisu wala sindano. Mafuta huizuia ngozi kumetameta, nayo ikawa kama kioo cha dirisha kilichopanguswa. Uchunguzi wenyewe huitwa kapilaroskopia, jina refu kuliko kazi yake.

Katika mtu mzima wa afya, vishipa hivi hujipanga sambamba kama pini za nywele zilizotiwa kwenye kadi dukani. Katika milimita moja huwa saba au zaidi. Mguu mmoja wa pini huleta damu, wa pili, ambao ni mpana kidogo, huirudisha. Kwa mgonjwa wa lupasi aghalabu mpango huo huvurugika. Vitanzi vingine hurefuka, vingine hujipinda na kujisokota kama mizizi iliyokosa nafasi katika mkebe, vingine hutanuka. Mishipa iliyo chini yake, ambayo kwa kawaida haionekani sana, huonekana wazi. Pengine huwa na vitone vya damu iliyovuja. Hayo ndiyo daktari yule aliyaona kwenye vidole vya dada yangu.

Kwani lupasi ni nini? Jina lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni mbwa mwitu. Mwili wetu una askari wa kuukinga dhidi ya vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao humgeuka mwenye nyumba: wanashambulia ngozi, viungo, damu, figo, hata moyo na ubongo. Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako. Hauambukizi kwa kusalimiana, kwa kula pamoja wala kwa njia nyingine yoyote. Katika kila wagonjwa kumi, takriban tisa ni wanawake, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 15 na 45. Dada zetu wa darasa hili, huo ni umri wenu. Hauna tiba ya kuumaliza kabisa, lakini una dawa za kuutuliza. Mojawapo ni haidroksiklorokwini, jamaa wa ile klorokwini ambayo wazazi wetu walikuwa wakimeza kwa malaria.

Kuna watakaonipinga, nami sina budi kuwajibu.

Wa kwanza watasema, "Lupasi ni ugonjwa wa Wazungu, Afrika haupo." Haya ni maneno ya kupotosha. Huko Marekani na Uingereza, ambako wagonjwa wamehesabiwa kwa miaka mingi, imeonekana kwamba watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi ya Wazungu, tena huwashika kwa ukali zaidi hasa kwenye figo. Mwimbaji mashuhuri Seal, aliyezaliwa London na mama kutoka Nigeria, ana makovu usoni yaliyoachwa na aina ya lupasi inayoshambulia ngozi. Kama damu yetu ikivuka bahari inaugua, iweje ikibaki nyumbani isiugue? Mimi nadhani asiyetafuta hapati. Ukipima malaria peke yake kila siku, utapata malaria, na usipoipata utaiandika tu.

Wa pili watasema, "Hospitali zetu hazina hata glavu, nawe wataka mashine za kutazama kucha!" Hoja hii ina uzito, sikatai. Ziko mashine zenye kamera zinazokuza vishipa mara 200 na kuvionyesha kwenye skrini, nazo ni ghali. Lakini mimi siombi hizo kwanza. Lenzi yenye taa ambayo madaktari wa ngozi hutumia huenea mfukoni. Hata kile kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho, ambacho hospitali nyingi tayari zinacho, kikigeuzwa hadi lenzi yake kali kabisa huweza kuonyesha vishipa vya ukucha. Mafuta yako hata jikoni. Kinachokosekana ni jicho lililofunzwa, na jicho hufunzwa kwa semina ya siku chache na mazoezi. Basi tulinganishe gharama: tone la mafuta upande huu, na upande ule miezi 18 ya dawa zisizofaa, mbuzi wawili, na figo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wa tatu ndio wajuzi, nao watasema, "Kucha haziwezi kuthibitisha lupasi." Hawa nawapa mkono, kwa sababu wasema kweli. Kuna ugonjwa mwingine unaokakamaza ngozi, uitwao skleroderma. Huo huacha alama zake kwenye ukucha waziwazi: vishipa vikubwa kupindukia, na mahali patupu ambapo vishipa vimekufa. Kwa hivyo mwaka wa 2013, vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani vilipoandika vigezo vya skleroderma, vishipa vya kucha vilitiwa. Mwaka wa 2019 vyama hivyo viliandika vigezo vya lupasi, na vishipa vya kucha havikutiwa. Sababu ni kwamba mabadiliko ya lupasi ni ya kila namna, tena mtu mwingine ana lupasi na vishipa vyake ni vizuri tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ukucha pekee hautoi hukumu.

Basi mbona nashikilia maneno yangu? Kwa sababu wingu si mvua, lakini aliyeona wingu huanua nguo. Watu wengi hubadilika rangi ya vidole wakipata baridi. Hali hiyo ilielezwa na daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka wa 1862, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Wengi wao hawana ugonjwa wowote mkubwa; ni mishipa yao tu inayoogopa baridi kupita kiasi. Ukitazama kucha zao na kukuta vishipa vimejipanga vizuri, unaweza kumtuliza mtu moyo na kumwambia avae glavu. Ukikuta vimevurugika, unajua huyu si wa kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Apimwe damu, apimwe mkojo. Kipimo cha protini katika mkojo ni kijikaratasi cha kuchovya tu! Daktari yule hakutuambia dada ana lupasi kwa kuona ukucha. Ukucha ulimfanya aulize maswali ambayo wengine hawakuuliza. Huo ndio msingi wa hoja yangu yote.

Lipo jambo jingine ambalo laniudhi kidogo. Muhula uliopita, mwalimu wetu wa biolojia alituruhusu kujaribu katika maabara. Tulichukua hadubini ya shule, tukaweka lenzi ya chini kabisa, tukatia tone la mafuta ya kupikia kwenye kidole cha pete, naye mwalimu akamulika kwa tochi ya simu yake kutoka juu. Mwenzetu mmoja mweupe wa ngozi tulimwona vizuri sana: vitanzi vyekundu vimejipanga safu safu, hata darasa likapiga kelele. Kilipofika kidole changu cheusi, tulikuta kama giza la magharibi. Ilibidi kusogeza taa huku na huku ndipo tukaona vichache. Mwingine ambaye hutafuna kucha tulimkuta na vitone vya damu, tukaogopa, mpaka mwalimu akatueleza kuwa kidole kilichojeruhiwa hakifai kusomwa.

Nilijifunza hapo kwamba weusi wa ngozi hulifunika dirisha kidogo. Hata lile baka la kipepeo, ambalo vitabu husema ni jekundu, kwa dada yangu lilikuwa la rangi ya zambarau iliyoiva. Na kupauka kwa vidole vyetu huonekana zaidi kwenye kucha na viganjani kuliko mgongoni mwa mkono. Je, mhudumu aliyefunzwa kwa picha za ngozi nyeupe atajuaje? Ndiyo maana nasema tusingoje kuletewa picha kutoka ng'ambo. Vyuo vyetu vya udaktari na vya uuguzi vikusanye picha za vidole vya Wakenya, vya wazima na vya wagonjwa, ili anayefunzwa ajue kusoma kitabu cha kwao.

Sasa nije hapa nyumbani, yaani shuleni kwetu. Sisi si madaktari na sisemi tuanze kupimana kucha chini ya miti. Lakini yapo tunayoweza kufanya bila shilingi. Kwanza, mwenzetu akisema vidole vimekufa ganzi, kiranja asimwambie anakwepa kupiga deki. Amwache ashike ufagio mkavu, mwingine ashike maji. Pili, walimu wetu wapendwa, nawaomba kwa heshima na taadhima, asubuhi za Julai mruhusu glavu hata kama hazimo katika sare. Tatu, jua hulichochea baka la lupasi. Mwanafunzi mwenye barua ya daktari aruhusiwe kofia na kivuli wakati wa gwaride refu. Nne, yeyote ambaye vidole vyake hubadilika rangi na wakati uo huo viungo vinavimba, nywele zinang'oka, au uchovu haumwishi, aende hospitali na aseme yote kwa pamoja. Mficha maradhi kilio kitamuumbua. Sisi hutaja moja leo na jingine mwezi ujao, naye daktari hupewa vipande vipande.

Kwa serikali za kaunti ombi langu ni fupi. Chagueni mhudumu mmoja katika kila hospitali kubwa ya kaunti, afundishwe, apewe lenzi na chupa ya mafuta. Palipo na mashaka, apige picha aitume kwa bingwa mjini. Simu zipo, watu wanatumiana picha za harusi kutwa kucha, sembuse picha ya ukucha!

Najua wengine watasema, mtoto wa kidato cha tatu amejuaje haya yote. Nimejua kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa kukaa na dada kila jioni nikitoka shule, maana shule ya kutwa ina faida yake: unarudi na kumkuta mgonjwa wako alivyo, si vile anavyoandika barua. Leo ameshika tena sindano. Amekata glavu ncha za vidole apate kuhisi uzi. Kila siku humeza dawa zake, hupimwa mkojo mara kwa mara, na huangaliwa macho kwa sababu ya ile haidroksiklorokwini. Zipo siku anazoshindwa kuamka, nasi tunamwacha alale. Shangazi alikuja Desemba, akamshika mikono muda mrefu bila kusema neno. Nadhani ilikuwa ndiyo njia yake ya kuomba radhi.

Mimi yangu nimeiomba kwa kuandika makala haya. Nilicheka vidole ambavyo vilikuwa vikiniambia ukweli. Basi wewe msomaji, siku utakapoona mwenzako amekunja ngumi ndani ya sweta asubuhi ya baridi, usiseme anaringa wala usiseme amerogwa. Muulize, "Je, vidole hivi hubadilika rangi?" Huenda ukawa mtu wa kwanza kumuuliza.